Risala ya Kikundi cha Wakazi wa Nakuru Magharibi kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Chifu wetu na manaibu wake, wazee wa mitaa, wachungaji na maimamu, mwalimu mkuu aliyetukubalia kutumia uwanja huu, wanachama wenzetu, mabibi na mabwana, itifaki yote imezingatiwa.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika sherehe yetu ya mwaka. Waliokutangulia wametuarifu kwamba unatarajiwa mahali pengine kabla ya saa nane, na kwa sababu hiyo historia tutaipitia mbio ili muda ubaki kwa jambo lililotufanya tukualike.

Kikundi hiki kilianza kama chama cha kufarijiana wakati wa matanga, kikawa chama cha kukopeshana, na leo ni kikundi cha maendeleo chenye cheti cha usajili, katiba na akaunti ya benki. Mafanikio yetu ni makubwa. Tumenunua hema na viti, kikiwemo hicho ulichokalia. Tumepanda miti kando ya njia ya kuja shuleni, na mingi imeshika, ukiondoa ile iliyo karibu na wenye mbuzi. Kila kabla ya mvua ya masika tunazibua kalvati iliyo chini ya barabara kwa majembe yetu wenyewe. Aidha, tumechora ramani ya mtaa mzima kwenye karatasi za manila zilizounganishwa kwa gundi, ploti kwa ploti, kazi ambayo tunathubutu kusema haijafanywa na kikundi kingine chochote upande huu wa jiji. Ramani yenyewe imebandikwa ukutani nyuma yako, na tutakuomba uitazame kabla hujaondoka.

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, tuna ombi moja kubwa, nalo ni mpango ulioidhinishwa wa matumizi ya ardhi katika eneo letu.

Mji huu ulitangazwa kuwa mji mwaka wa 1904, reli ikiwa imekwisha kupita. Baada ya uhuru, mashamba mengi ya walowezi katika sehemu hizi yalinunuliwa na kampuni na vyama vya ushirika vya kununua ardhi, yakakatwa vipande, na kila mwenye hisa akapewa chake. Wazee wetu walifanya jambo la maana, na sisi ni matunda yake. Hata hivyo, katika kugawana kule, ardhi ya umma haikuwa na mwenye hisa wa kuitetea. Ploti za futi hamsini kwa mia zilipangwa hadi ukingoni, na watoto wa wenye ploti wakazigawanya tena kila mzee alipofariki. Ukitazama ramani yetu utaona mahali pa zahanati hapapo, mahali pa soko hapapo, na njia ya maji imebaki ile ambayo maji yenyewe yalijichagulia.

Nakuru haikukosa wataalamu wa kupanga. Mwaka wa 1995 mji wetu ulichaguliwa kuwa miongoni mwa miji michache duniani ya mradi wa Umoja wa Mataifa wa kupeleka Ajenda 21, yaani mpango wa dunia wa maendeleo endelevu, katika ngazi ya miji, na hapo ukatokea mpango mkakati wa mji uliokiri wazi kwamba tumebanwa kati ya kreta ya Menengai upande wa kaskazini na ziwa pamoja na mbuga upande wa kusini, kwa hiyo ukuaji utakimbilia mashariki na magharibi. Magharibi ndiko kwetu. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 1,603,325 katika kaunti nzima. Ile ya 2019 ikahesabu 2,162,202. Tarehe 1 Desemba 2021 tukakabidhiwa hati ya jiji, tukacheza ngoma usiku kucha. Jiji likaja, na mitaro ikabaki ile ile.

Tueleze kidogo kuhusu maji, kwa kuwa ndiyo yanayotunyima usingizi. Mvua ikinyesha katika miteremko ya Menengai, maji hushuka kuelekea ziwani kupitia kwetu. Yakivuka barabara kuu kwa kalvati pana ambayo mtu mzima anaweza kuinama akapita, hutokea upande wa pili kwenye kijia cha futi nne kati ya ua wa mabati na ukuta wa mawe. Ukuta huo ulijengwa mwaka jana. Mwenye ukuta hakuvunja sheria yoyote. Alipeleka michoro, ikapigwa muhuri, naye akajenga ndani ya bikoni zake, yaani alama za mipaka ya ploti. Hakuna karatasi mahali popote iliyomwambia aliyepiga muhuri kwamba hapo ni njia ya maji. Sasa maji yakikosa pa kupita huingia darasani, na kwa kuwa udongo wetu ni wa majivu ya volkano, pale yanapotuama ardhi hutitia. Mwalimu mkuu atakuonyesha alama ya tope iliyoko ukutani chini ya dirisha la darasa la tatu. Huko chini nako, Ziwa Nakuru limekuwa likipanda tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, likafunika lango kuu la zamani la mbuga na kuwatoa watu majumbani Mwariki na Barut. Baadhi yao wamehamia kwetu na kununua vipande vya vipande.

Mheshimiwa, huenda ukajiuliza kwa nini tusiombe mtaro wenyewe. Tuliomba. Mgeni wa kwanza alituahidi mtaro wa zege, na makofi tuliyompigia yalisikika hadi stendi. Mgeni wa pili alituahidi mtaro pamoja na barabara ya lami, akaweka na jiwe la msingi ambalo hadi leo ndiyo sehemu pekee ya barabara hiyo iliyokamilika. Mgeni wa tatu alikuwa mkweli zaidi. Aliagiza tuandike barua, tukaandika, na jibu likaja kwamba kazi hiyo haimo katika mpango wowote na haiwezi kutengewa fedha. Hatutakukumbusha kwamba ahadi ni deni, kwa kuwa walioahidi si wewe. Tunakushukuru mapema kwa kutozirudia.

Jibu hilo lilituuma, lakini lilitufungua macho. Wanachama wetu walikaa wakaisoma Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, na katika kifungu cha 104 wakakuta kwamba fedha za umma hazitatumika nje ya mpango uliotayarishwa na kamati tendaji ya kaunti na kupitishwa na Bunge la Kaunti. Kifungu cha 110 kinataka kila kaunti iwe na mpango wa matumizi ya nafasi, yaani wa nini kiwe wapi katika ardhi ya kaunti, wa miaka kumi, wenye ramani za kidijitali, unaopitiwa upya kila baada ya miaka mitano. Kifungu cha 115 kinasema ushirikishaji wa umma katika kupanga ni wa lazima. Basi tukaelewa kwamba tulikuwa tunaanzia mwisho. Asiye na mpango hana mtaro, hata akitembelewa na wageni mia.

Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 imetoa njia mbili. Ya kwanza ni mpango wa eneo, unaoonyesha palipo pa makazi, pa biashara, pa barabara na pa maji. Ya pili ni kutangaza eneo lenye matatizo ya pekee kuwa eneo maalum la upangaji. Njia hiyo ya pili si ndoto: Mukuru, kwenye mitaa ya mabanda kule Nairobi, palitangazwa hivyo mwaka wa 2017, chini ya sheria iliyotangulia, na wakazi wakashirikishwa kuanzia vikundi vya nyumba kumi kumi kabla wataalamu hawajachora mstari. Iwapo Mukuru pamewezekana, penye msongamano kuliko huu wetu, tunaamini hapa patawezekana huku ukuta ukiwa bado ni mmoja.

Kwa hiyo tunaomba, kwanza, mpango wa eneo letu uanze kutayarishwa katika mwaka huu wa fedha, na ukiona njia ya eneo maalum ni ya haraka zaidi, hatutabishana na jina. Tunaomba mpimaji wa ardhi wa serikali aje kuweka bikoni kwenye njia ya maji kuanzia kalvati hadi mtoni, kabla ploti mbili zilizobaki wazi hazijajengwa. Wenye ploti hizo wako hapa leo, wameketi safu ya tatu, na wamekubali kwa maandishi kuachia futi tisa kila mmoja iwapo fidia itajadiliwa kwa haki. Hatujui subira yao itadumu hadi lini, maana madalali wanawapigia simu. Tunaomba pia rasimu ikitoka ibandikwe ofisini kwa chifu kwa Kiswahili na isomwe barazani siku ya Jumamosi, kwa sababu mkutano wa mwisho wa maoni ya umma uliitwa Jumanne asubuhi katika hoteli moja mjini, nasi tukapata habari zake Alhamisi.

Kwa upande wetu, tutatoa ramani yetu, vijana wa kuwaongoza wapimaji, na chakula chao cha mchana kwa muda wote wa kazi.

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, mwishoni mwa sherehe utaletewa kitabu cha wageni. Tumeyaandika humo maombi haya matatu na kuacha nafasi mbele ya kila moja, si ya maoni, ila ya tarehe. Kalamu imewekwa ndani ya kitabu.

Wako watiifu,
Wanakikundi

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya kamati.