Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka wa Mario Bila Njia za Mkato

Ndugu wanachama, habari zenu. Mkutano uliopita ulipitisha, kwa kelele nyingi, kwamba tucheze gemu za Super Mario Bros za ile mashine ya zamani ya Nintendo (NES) kwa mpangilio, namba 1 hadi 3, na marufuku kupita njia za mkato za kuruka dunia. Wengine mlinuna mpaka leo naona.

Ila jamani tuseme ukweli, hii gemu ya kwanza tumekua nayo na karibu hakuna aliyekuwa anaijua. Tulichozoea toka utotoni ni 1-2 (yaani dunia ya 1, hatua ya 2) unapanda juu ya dari unakimbilia mabomba unatokea dunia ya 4, ukifika 4-2 unapanda ule mmea, bomba, dunia ya 8, roho zimeisha, zima nenda kale. Dunia ya 5, 6 na 7 zimo humo tangu 1985 na sisi tunaziruka tu.

Kumbe huko kati ndo kuna mambo. 5-3 ni ile ile 1-3, ila vibao vinavyotembea vimefupishwa halafu unarushiwa risasi ukiwa hewani, na 6-4 ni 1-4 iliyoongezewa vyuma vya moto, na joka sasa linarusha nyundo. Kaseti nzima ni kilobaiti 40 tu, nafasi ndogo sana, so mi sishangai wamerudia ramani, nachoshangaa ni jinsi kuhamisha vitu viwili vitatu kunavyokufanya ufe sehemu unayoijua. 7-4 ndo ilitunyoosha, ukipita juu pale pa kupita chini unajikuta umerudi palepale na muda unakwenda, mpaka dada mweka hazina akatoa karatasi akachora.

Kulikuwa na malalamiko kuhusu kushikilia kitufe cha A na kubonyeza Start baada ya kufa roho zote, ili uanzie dunia uliyofia. Kamati imeruhusu. Wameweka wenyewe watengenezaji na huruki chochote, sasa tatizo liko wapi?

Namba 2, ya 1988, ile ya kung'oa mboga na kuwarushia maadui, ni Doki Doki Panic ya Japani iliyobadilishwa wahusika. Tuliimaliza bila makelele, nadhani mimi peke yangu ndo niliipenda. Namba 3 ndo kazi, filimbi zake tatu za kuruka dunia tumezipiga marufuku na haina kusevu, umeme ukakatika tukiwa dunia ya 7, ile ya mabomba, tukaanza upya na kuna mzee mmoja hapa nusura ajiuzulu uanachama.

Fedha: tumenunua pedi na adapta, salio dogo, mahesabu anayo mweka hazina.

Mwaka ujao napendekeza ile namba 2 ya Japani ya 1986, siyo ile ya mboga, yenye uyoga wa sumu, na humo kuna bomba la 3-1 linalokurudisha dunia ya 1. Hilo naruhusu mlipite. Anayepinga alete hoja mkutanoni, na aje na ada maana wengi bado mnadaiwa.