Barua ya malalamiko: mawe yenye minyoo, dawa ya shaba, na salamu isiyoitikiwa

Fuoni, Unguja

Kwa Meneja Mkuu,

Assalamu alaykum.

YAH: MALALAMIKO JUU YA MAWE MLIYONIUZIA, KAZI YA FUNDI WENU NA NILIVYOPOKEWA DUKANI

Naandika kwa heshima, na naomba muisome barua hii mpaka mwisho, maana simu zangu hamkuzipokea.

Tangi langu la samaki wa baharini, la maji ya chumvi, lita 300, limekufa. Siku ile fundi wenu alipotia dawa ya minyoo akaondoka, kabla ya adhana ya Magharibi kamba wote wanne walikuwa wamelala ubavu. Konokono wakaachia kioo mmoja mmoja na kudondoka mchangani. Matumbawe yalijifumba, na asubuhi ya pili nyama yake ilikuwa inachambuka na kuelea, imebaki mifupa myeupe. Vilivyokufa ndani ya mawe vikaanza kuoza, amonia ikapanda, na samaki wakawa wanahema juu ya maji. Watatu wamekufa. Amebaki mmoja, yumo kwenye ndoo jikoni kwangu.

Lakini hilo silo lililonikalisha kuandika. Nilikuja dukani kwenu na mjukuu wangu wa miaka 9, mkono umemvimba, na chupa ya jemu yenye mnyoo mzima, wa aina iliyomchoma, aliyetoka kwenye mawe mliyoniuzia, ili mtaalamu wenu amtazame. Kijana wa kaunta akaichukua chupa, akaenda kuimwaga mtaroni, akarudi akaniambia: “Bi mkubwa, kama hutaki minyoo, fuga kuku.”

Mawe yale ya baharini ya kuweka ndani ya tangi, kilo 12, niliyanunua kwenu kabla ya Ramadhani kwa shilingi 180,000, na mliniambia yametoka karantini. Masharti yenu ya karantini mnayajua, sina haja ya kuyanukuu. Jiwe lililokaa wiki 6 peke yake, likategwa usiku kwa chambo cha nyama ya kamba, halitoki na minyoo 17. Hao ndio niliowatoa mimi mwenyewe, kwa kibano na glavu, kabla fundi wenu hajafika.

Na asije mtu akanijibu kuwa bibi huyu ameona mnyoo akaogopa. Tangi hili alilianzisha marehemu mume wangu, na miaka 11 sasa nalitunza mimi. Najua kuwa wengi wa minyoo hawa hawana ubaya. Wale wadogo, wembamba, wa rangi ya waridi, wanakula mabaki ya chakula na kuufukua mchanga, na wakizidi basi kosa ni la mwenye tangi kwa kumwaga chakula kingi. Hao siku zote nimewaacha. Niliowakuta kwenye mawe yenu walikuwa wanene kama kidole changu cha shahada, na ubavuni wana vishungi vyeupe vinavyofumka wakiguswa. Mmoja nilimmulika kwa tochi saa saba za usiku, amejikunja juu ya tumbawe. Alipoondoka palibaki peupe.

Manyoya yao yana sumu, na ni mepesi kukatika. Yakishaingia ngozini yanabaki humo humo. Mjukuu wangu alitia mkono kumwinua konokono aliyepinduka, hakumwona mnyoo chini yake. Nilimbandika selotepu na kuibandua, nikambandika tena, mpaka manyoya niliyoyaona yakatoka, nikamkosha kwa siki. Usiku kucha alikuwa kama aliyeingia kwenye upupu. Asubuhi vidole havikunji. Hiyo ilikuwa Ijumaa, na hakwenda skuli. Jumamosi ndipo nilipomchukua tukaja kwenu.

Jumanne mkamleta fundi. Nikasema moyoni, labda wamejuta. Nilimuuliza mara mbili dawa aliyoshika ina nini, nikamwonyesha kamba, nikamwonyesha matumbawe. Akasema, “Ya minyoo hiyo, mama, usiwe na wasiwasi,” akaimimina. Chupa ameisahau mezani kwangu na ninayo mpaka leo. Ni dawa ya shaba. Juu yake pameandikwa isitiwe kwenye tangi lenye matumbawe, kamba wala konokono. Mtu anayelipwa kwa kazi hii hakuisoma, au aliisoma akaona kwa bibi wa Fuoni inatosha. Shaba inawaua minyoo, ndiyo, na inaua karibu kila kiumbe kisicho na uti wa mgongo pamoja nao. Tena hujificha ndani ya mawe na mchanga ikawa inatoka kidogo kidogo, kwa hiyo hata mawe ya zamani, aliyoyapanga marehemu kwa mikono yake, siwezi tena kuyarudishia matumbawe, kamba wala konokono. Dawa ya minyoo ile ilikuwa ni kutoa mawe mapya, kuyachovya kwenye maji yenye chumvi kali zaidi, wakitoka kujiokoa mtu akawanasa. Ingemchukua fundi wenu mchana mmoja.

Narudi kwenye ile Jumamosi, kwa sababu nataka muione kama nilivyoiona. Duka lina watu, wateja watano au sita. Naingia nimemshika mtoto mkono ulio mzima. Natoa salamu. Wateja wanaitika, kijana wenu haitiki. Naeleza kwa sauti ya chini, nisimvunjie heshima mbele za watu, nasukuma chupa kwenye kaunta. Haulizi mtoto kaumia wapi. Anaishika chupa kwa vidole viwili, anapita mbele yangu, nasikia maji yanamwagika mtaroni. Mjukuu wangu akamkimbilia nyuma, akainama kwenye mtaro kumtafuta yule mnyoo, na ule mkono wake uliovimba. Nami nilikuwa namwita arudi, ndipo nikaambiwa nifuge kuku. Watu wakacheka. Chupa sikurudishiwa. Mimi nimesomesha miaka 30, na nina hakika baadhi ya wazee wa vijana wenu wamepita mikononi mwangu.

Nilipoanza kuandika nilitaka shilingi zangu 180,000 tu. Sasa nataka hizo, na ada ya huduma ya miezi 6 niliyowalipa, na gharama za dawa za mtoto. Nataka mchanga mpya na mawe mapya yaliyokaa karantini kweli, na mniandikie yalikaa tangu tarehe ngapi. Na nataka kijana yule aje nyumbani kwangu na mkubwa wake, aitikie salamu yangu, amtake radhi mjukuu wangu mbele yangu. Hili la mwisho halibadilishwi kwa fedha.

Nawapa siku 7. Zikipita, sheha nitamwona kwanza, kisha nitaipeleka chupa ya dawa na risiti zangu kwenye Tume ya Ushindani Halali wa Biashara. Na nitapita pia Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi kuuliza swali moja: mawe yanayouzwa dukani kwenu, yakiwa bado na minyoo ya baharini ndani yake, yametolewa mwamba gani, na kwa kibali cha nani? Kama kibali mnacho, basi leteni nakala yake pamoja na majibu yenu.

Samaki aliyebaki nambadilishia maji kila siku asubuhi, naye ndoo si makazi yake. Siku 7 naanza kuzihesabu leo.

Wenu,
Mteja wenu wa Fuoni