Paa la Chuo Matondoni: Changa, Kisha Dai Haki Yako ya Kodi

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, na salamu za kheri kwa ndugu zetu wasio Waislamu ambao hawajawahi kutuacha.

Tunaona haya kuja tena. Birika la maji ni mchango wenu, mikeka na misahafu ni yenu, na wengine mliokuja Lamu kwa Maulidi mlimwachia mwalimu kitu mkononi bila hata kutaja jina. Aliyepewa hivyo hapendi kunyoosha mkono mara ya pili. Lakini paa la chuo chetu cha Qur'ani hapa Matondoni limetushinda, na masika hayangoji.

Mabati yameliwa na chumvi ya bahari. Mvua ikianza, watoto huwahi misahafu kwanza, wakaifunika nailoni, kisha wakakunja mikeka na kujibana kwenye pembe moja iliyobaki kavu, wakubwa wamewabeba wadogo. Hapo hakuna tena kusoma, maana sauti ya mwalimu haisikiki kwa kishindo cha mvua juu ya bati. Asubuhi chumba hichohicho ndicho chekechea, na watoto wa miaka minne wanakalishwa kwenye sakafu yenye maji. Upepo wa kusi uling'oa bati za ukingoni, tukazirudisha kwa misumari na mawe. Boriti zimeoza. Fundi ametuambia wazi kwamba hapandi tena kuziba: ama paa lote libadilishwe, ama watoto watolewe humo.

Hesabu yake, pamoja na boriti, mabati mazito, usafiri wa mashua kutoka Mokowe na ujira, ni shilingi 780,000. Kina mama wanaosuka mikeka wameshatoa 64,000 katika mauzo yao. Tunalisema hili makusudi. Ikiwa mama anayeuza mkeka ametoa, basi mwenye duka la jumla Mombasa, mwenye malori, mwenye hoteli, aliyesoma alifu na be chini ya bati hizihizi, ajitazame mwenyewe. Wapo pia walioahidi mbele ya watu kwenye mkutano wa kwanza. Majina yao tunayo daftarini, hatutayasoma hadharani, lakini ahadi ni deni.

Safari hii tuna kitu ambacho miaka ya nyuma hatukuwa nacho: jumuiya yetu imesajiliwa, na Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) imetupa cheti cha msamaha wa kodi, kinachodumu miaka 5. Kwa hiyo mchango wako una haki yake kisheria. Kifungu cha 15(2)(w) cha Sheria ya Kodi ya Mapato kinakuruhusu kuondoa sadaka kama hii kwenye faida kabla haijatozwa kodi, maadamu imekwenda kwa taasisi iliyosamehewa kodi kwa kazi ya kuwasaidia maskini, dini au elimu. Wafanyabiashara wetu wengi hutoa kila mwaka na hawadai chochote. Inatuuma, kwa sababu kile wanachokiacha serikalini kingetosha kumlisha mwalimu.

Wengine hudhani laki moja ikitolewa, laki nzima inarudi. Sivyo. Kampuni iliyopata faida ya shilingi 2,000,000 hulipa asilimia 30, yaani 600,000. Ikitupa 100,000, kodi inapigwa kwa 1,900,000, nayo italipa 570,000. Imepunguziwa 30,000, na paa limepata laki nzima. Mwenye biashara ndogo anayelipa ile kodi ya mauzo ya asilimia 3 hapati punguzo hili, kwa kuwa kodi hiyo hukatwa kwenye mauzo yote bila kuondoa gharama yoyote. Yeye atatoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu tu, na Mungu hana upungufu. Ndugu zetu walioko Uingereza na Marekani nao wajue kwamba risiti yetu haitawapa nafuu ya kodi za huko.

Masharti si mengi. Pesa isiwe mkopo wala ya kurejeshwa, na mtoaji asipate manufaa kutokana nayo, kwa hiyo tusiombwe kuchora tangazo la duka ukutani mwa chuo. Tutakupa risiti yenye sahihi na muhuri, nakala ya cheti, na barua ya kuthibitisha kwamba fedha ni za kazi hii pekee. Ziweke pamoja kwa miaka 5, KRA wakiuliza uwe nazo. Anayefanya biashara kwa jina lake mwenyewe atoe kabla ya tarehe 31 Desemba, kisha adai kwenye ritani yake, yaani taarifa ya kodi ya mwaka, kabla ya tarehe 30 Juni inayofuata.

Mzee mmoja alituuliza kama kudai punguzo hakuharibu thawabu, akakumbusha hadithi ya mkono wa kushoto usiojua kilichotolewa na wa kulia. Anayetaka siri tutamhifadhia, jina lake halitatajwa barazani. Lakini Suratul Baqara, aya ya 271, imezisifu zote mbili, sadaka ya wazi na ya siri, ingawa imeitanguliza ya siri inayomfikia fakiri. Karatasi unayompelekea mtoza kodi si kujionyesha kwa watu. Na kile ulichopunguziwa unaweza kukirudisha kwenye kheri nyingine.

Zaka, tafadhali, msitutumie kwa paa. Ina wenyewe waliotajwa katika Suratut Tawba, na mafakiri wako karibu nanyi.

Akaunti ina sahihi tatu, na kila Ijumaa hesabu itabandikwa mlangoni mwa msikiti. Ukituma mchango, mwandikie mweka hazina jina lako au la kampuni kama lilivyo kwenye cheti cha PIN (namba ya mlipakodi), pamoja na namba yenyewe, ili risiti isije na kasoro. Fundi anataka nusu ya fedha mkononi ndipo aagize boriti.

Kamati ya Chuo, Matondoni, Lamu