Nani anakujua hapa Nairobi?

Mhariri,

Swali hilo niliulizwa mara ya kwanza mtaani Umoja, kwenye lango la ploti iliyobandikwa bango la nyumba ya kupangisha. Nilikuwa nimetoka Tanga kwa basi, nimevuka mpaka wa Horohoro na Lungalunga, nina cherehani moja, pasipoti ya Afrika Mashariki na kibali changu cha kazi. Mama mwenye nyumba aliigeuzageuza ile pasipoti, akapitisha kidole juu ya picha, akanirudishia. "Hii si kitambulisho," akasema. Nikamuuliza kama umeme umo ndani ya kodi au hulipwa mbali. Akatabasamu, kwa sababu hapa watu husema stima. Hapo ndipo akauliza: "Na hapa Nairobi, nani anakujua?"

Sikuwa na wa kumtaja.

Bedsita, yaani chumba kimoja cha kulala na kupikia humohumo, ilikuwa shilingi 9,000 za Kenya kwa mwezi. Wapangaji wenzangu walitoa dipoziti ya mwezi mmoja, mimi nikaambiwa miezi mitatu. Ukijumlisha 27,000 za dipoziti, kodi ya mwezi wa kwanza 9,000 na 3,000 za maji na stima, nilihesabu 39,000 kabla sijaingiza godoro. Mama yule simlaumu sana. Mtaani kwetu watu huhama usiku na kodi ya miezi miwili shingoni, mlango wameutia kufuli na ndani hamna hata kijiko. Aliniambia waziwazi, "Ukitoroka nikutafutie wapi, Tanga?" Ni hofu ya kweli, na yeye pia ana mkopo wa nyumba ile anaoulipa.

Wengine watasema Watanzania tumezoea, maana Dar es Salaam mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita, hata mwaka mzima, kwa mkupuo. Ni kweli, na inaumiza. Lakini ile ni kodi: kila usiku ninaolala naila kidogokidogo. Dipoziti ya miezi mitatu haipungui kwa kulala. Kwa fundi wa nguo, 27,000 ni mitumba ya vitambaa iliyolala bure.

Nimeshakaa miezi 28. Kodi naituma kwa M-Pesa tarehe 3, na sijawahi kufika tarehe 5, ambayo ndiyo siku ya mwisho. Mama mboga wa pale kona aliacha kuniuliza jina tangu mwezi wa pili. Ana daftari la kurasa 96, limelowa mafuta pembeni, na ukurasa wangu ameuandika "Fundi Tanga". Nachukua sukuma na nyanya Jumatatu, nalipa Ijumaa, anapiga mstari kwa kalamu nyekundu. Mistari hiyo imejaa kurasa tatu sasa.

Mwaka jana nilitaka kununua ovaloki ya mtumba, mashine ya kufunga kingo za nguo, kwa 40,000. Asiyeshona huenda asijue uzito wa jambo hili. Sare ya shule isiyopitishwa ovaloki hufumuka nyuzi baada ya kufuliwa mara mbili, na mzazi hukurudishia akiwa amekunja uso. Kwa hiyo kila sare ninayoishona naipeleka kwa fundi mwingine anifungie kingo kwa shilingi 30, na msimu wa kufungua shule nakaa kwenye foleni yake mpaka saa mbili usiku. Faida yangu inabaki mezani kwake.

Nikaenda kukopa. Afisa alikuwa kijana mpole, akanieleza vizuri kwamba wao husoma ripoti kutoka kampuni zinazohifadhi taarifa za mikopo kwa leseni ya Benki Kuu ya Kenya. Wakenya huzijua zote kwa jina moja, CRB, na wengi huliogopa jina hilo kama jina la askari. Sheria inampa kila mtu haki ya kupata ripoti yake bure mara moja kwa mwaka, nikaichukua yangu. Haikusema mimi ni mdeni mbaya, wala haikusema ni mwema. Ulikuwa ukurasa mtupu wenye jina langu juu. Taasisi tatu zimenikatalia kwa sababu ya ukurasa huo.

Tanga nilikopa mara tatu VICOBA, vile vikundi vya wanajamii vya kuweka na kukopeshana. Nilikopa pia kwenye taasisi ya mikopo midogo shilingi 1,500,000 za Tanzania, nikazimaliza kwa miezi 12 bila kuchelewa hata mwezi mmoja. Nako kuna kampuni zenye leseni ya Benki Kuu ya Tanzania zinazotunza taarifa kama hizi. Nilimwonyesha afisa karatasi zangu, akasema mtambo wao hausomi ya kule. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, nayo inataja watu, wafanyakazi, bidhaa, huduma na mitaji kuvuka mipaka, na haki ya ukaazi. Mimi nimevuka, cherehani imevuka. Deni nililolilipa vizuri ndilo limebaki Horohoro.

Niseme kwamba sidai Hazina ya Hustler, iliyoanzishwa Novemba 2022 kwa raia wa Kenya. Hiyo ni yao. Wala shida hii si ya wageni wa nje peke yao. Jirani yangu, kijana wa Lodwar, kaskazini mwa Kenya, aliyekuja kutafuta kazi ya ujenzi, ana kitambulisho cha taifa mfukoni na ripoti yake ni tupu kama yangu.

Ushauri tunaopewa sote ni mmoja: kopa kwa simu 500 usizozihitaji, rudisha na ada yake, kopa tena, mtambo utakuzoea. Mhariri, jambo hili linanichoma. Nalipa 9,000 kila mwezi kwa uaminifu na hakuna anayezihesabu. Nikikopa 500 nisizozihitaji na kuzirudisha, nahesabiwa. Tunafundishwa kuingia kwenye deni ili tuonekane ni watu wa kuaminika, na wengi walioanza na hizo 500 leo wanalipa deni la simu moja kwa mkopo wa simu nyingine.

Kwenye chama chetu cha kuchanga na kupokea kwa zamu tuko wanawake 12. Nilipoingia waliniweka wa mwisho kupokea, kama anavyowekwa mgeni yeyote. Niliona ni sawa. Nikachanga miezi 11 nikiwatazama wenzangu wakipokea, na zamu yangu ilipofika nilipewa changu kamili. Mzunguko wa pili wakanipandisha hadi nafasi ya nne. Hawakuwa na ripoti ya kampuni yoyote. Walikuwa wameniona nikichanga. Benki nazo zinipe nafasi hiyo ya mwisho: mkopo mdogo, muda mfupi, hata riba ya juu kidogo mwanzoni, lakini zianze kuhesabu kutoka kwenye kile ninacholipa tayari. Taarifa ya M-Pesa ya miezi 28 ni karatasi inayosomeka.

Mwezi uliopita yule kijana wa Lodwar alitafuta chumba kwenye ploti yetu. Mama mwenye nyumba akamuuliza lile lile swali, naye akanitaja mimi. Niliitwa, nikatia sahihi kuwa mdhamini wake, na akatozwa dipoziti ya mwezi mmoja tu. Wiki hiyohiyo taasisi ya tatu ilikuwa imenijibu kwamba sina historia hapa Nairobi.

Kwa wenye nyumba nina ombi dogo lisilogharimu kitu: andikeni risiti yenye jina kamili la mpangaji, namba ya nyumba na tarehe aliyolipa, na anapohama mpeni barua ya mistari mitatu ikisema alilipaje. Mama yetu amekubali kuniandikia yangu. Jumatatu naipeleka kwa afisa wa nne, pamoja na karatasi za Tanga.

Fundi wa nguo,
Umoja, Nairobi