Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Ninawasilisha taarifa ya kazi yetu ya kuwafundisha vijana walio chini ya probesheni, yaani wanaotumikia amri ya mahakama nje ya gereza wakisimamiwa na afisa, stadi za kutatua matatizo. Masuala ya fedha yamo katika taarifa ya mweka hazina. Nitasema tu kwamba ada zilizochelewa zilikwamisha mafunzo ya muhula wa pili.

Mtaala wetu unafuata hatua zilizoelezwa na wanasaikolojia D'Zurilla na Goldfried mwaka 1971: kulibainisha tatizo, kutafuta njia mbalimbali, kuchagua, kutekeleza na kupima matokeo. Mwaka huu kamati ilirefusha hatua ya kubainisha tatizo, kwa kuwa wakufunzi wetu wengi, tena kwa nia njema, walikuwa wakimkatiza kijana kwa mawaidha kabla hajamaliza kueleza linalomsibu. Kijana mmoja aliyekuwa hafiki kuripoti aliandika daftarini kwamba tatizo lake ni kuchukiwa na afisa wa probesheni. Alipoulizwa siku, saa na alikokuwa wakati huo, ilibainika kwamba siku ya kuripoti ndiyo siku ya soko, ambapo hupata kibarua cha kupakua magunia ya viazi tangu alfajiri hadi adhuhuri. Alitaja njia nne, mojawapo ikiwa kutorokea kwa binamu yake. Hatukuifuta, bali tulimtaka aeleze yatakayomkuta iwapo atakamatwa kwa kukiuka amri ya mahakama. Hatimaye aliamua kumwomba afisa ambadilishie siku, akayafanyia mazoezi maneno yake mbele ya wenzake, na ombi lake likakubaliwa.

Mahudhurio yalikuwa mazuri zaidi siku za chai na mandazi, jambo ambalo halinisumbui, maana njaa nayo imo katika orodha ya matatizo yao.

Lililo gumu ni muda. Chini ya Sheria ya Probesheni ya Kenya, Sura ya 64, amri hudumu kati ya miezi 6 na miaka 3, ilhali mtaala wetu huchukua miezi tisa. Wenye amri fupi huondoka kabla ya kupima matokeo, nasi tumekuwa tukiwapa vyeti hata hivyo, utaratibu ambao kwa maoni yangu haufai. Kamati inapendekeza mtaala ufupishwe uwe wa miezi mitano kwa kuondoa mihadhara ya wageni waalikwa, bila kugusa vipindi vya kubainisha tatizo, na cheti kitolewe tu kwa aliyetekeleza uamuzi wake na kurudi kuueleza. Naomba mkutano uyajadili mapendekezo haya na kuyapigia kura.