Salamu za Idi kwa Wanawake wa Darsa

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Idd Mubarak, ndugu zangu, mama zangu, shangazi zangu na mabinti zetu. Taqabbalallahu minna wa minkum, Mungu atukubalie sisi nanyi. Mwezi umeandama, Ramadhani imetuaga, na Mola azipokee saumu zetu, tarawehe zetu, na hata zile kurasa tulizozisoma huku usingizi ukitupiga chenga.

Kwa wengi wetu Ramadhani ndio mwezi wa darsa za tafsiri, vikao vya kufafanua maana ya Qur'ani. Mwaka huu salamu zangu nazielekeza zaidi kwa wanawake waliohudhuria darsa hizo wakitokea kazini, miguu imechoka, daftari mkononi. Nina neno nao, na linaanzia kwenye sikukuu yenyewe.

Imo katika Sahihi ya Bukhari hadithi ya Hafsa bint Sirin, mwanachuoni wa Basra, Iraq, wa kizazi kilichowafuata Masahaba. Anasema: tulikuwa tukiwazuia wasichana wetu wasitoke siku za Idi. Siku moja akaja mwanamke mgeni, akafikia kwenye ngome ya Bani Khalaf, akasimulia habari za dada yake. Shemeji yake alipigana vita 12 pamoja na Mtume (s.a.w.), na huyo dada alikuwa naye katika 6. Akieleza kazi yao huko, alisema walikuwa wakiwatibu majeruhi na kuwauguza wagonjwa. Basi dada huyo akamuuliza Mtume: je, kuna ubaya mmoja wetu asipotoka kwa kuwa hana jilbabu, vazi pana la kujifunika? Akajibiwa kwamba mwenzake amvishe jilbabu yake, naye ahudhurie kheri na dua ya Waislamu.

Hafsa hakutosheka na habari ya mgeni. Alipofika Umm Atiyya, Sahaba aliyemsikia Mtume kwa masikio yake, akamuuliza. Umm Atiyya akathibitisha: watoke wasichana, watoke wanaokaa ndani, watoke na wenye hedhi, ila hao wajitenge na mahali pa kuswalia. Hafsa akashangaa: hata wenye hedhi? Umm Atiyya naye akamrudishia swali: kwani mwenye hedhi hahudhurii Arafa, kwenye kisimamo cha Hija, na mahali fulani na fulani?

Jibu fupi, lakini ndani yake mna hoja nzima ya kielimu: jambo linapimwa kwa jambo linalofanana nalo. Na desturi ya kuwafungia wasichana ilikuwa imeshazoeleka katika mji uliojaa watu wa dini. Iliyoitikisa ni elimu iliyopita mikononi mwa wanawake, mmoja akimuuliza mwenzake.

Huyu Hafsa nampenda kwa kisa kingine pia. Wanafunzi wake, Asim al-Ahwal akiwa mmoja wao, walikuwa wakiingia kwake utu uzimani mwake na kumkuta amejitanda jilbabu. Wakamwambia, Mungu akurehemu, si imo aya ya Suratun Nur, kwamba wanawake wazee wasiotaraji kuolewa hawana dhambi wakipunguza nguo zao bila kuonyesha mapambo? Akawauliza: na baada ya hapo kinafuata nini? Wakasoma: na wakijizuia na hayo ni bora kwao. Akasema, ndiyo hiyo inayoithibitisha jilbabu.

Kwa hiyo aliyesimulia ruhusa ya wasichana kutoka ndiye huyohuyo aliyeshikilia jilbabu yake uzeeni. Wanaotaka kumtumia kama bendera ya upande mmoja watapata taabu. Alichowafunza wanafunzi wake ni kwamba aya haikatwi katikati, hata pale kipande cha kwanza kinapompa msomaji nafuu.

Karne nyingi baadaye, Aisha Abdurrahman, maarufu kwa jina la Bint al-Shati, aliyezaliwa Misri mwaka 1913 na kusomesha Chuo Kikuu cha Qarawiyyin, Morocco, aliufanya uangalifu wa namna hiyo kuwa njia ya kazi yake ya tafsiri. Kwanza hukusanya kila mahali neno lilipotajwa ndani ya Qur'ani, na hapo ndipo huanza kusema linamaanisha nini. Naye Nusrat Amin wa Isfahan, Iran, aliandika tafsiri yenye majuzuu 15. Ndiyo maana mimi hushangaa kusikia kwamba mwanamke kufasiri Qur'ani ni jambo la kuja jana.

Sasa kwenye kazi. Suratul Qasas inawataja mabinti wawili wa Madyan waliozuia mifugo yao kisimani wakingoja wachungaji waondoke. Musa (a.s.) akawauliza wana nini, nao wakaeleza kwa maneno machache: hatunyweshi mpaka wachungaji waondoe wanyama wao, na baba yetu ni mzee sana. Baadaye mmoja wao akamshauri baba yake amwajiri Musa, kwani mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu.

Sentensi hiyo ya mwisho inanukuliwa kila panapozungumzwa maadili ya kazi na uteuzi wa viongozi: uwezo na uaminifu. Ni mara chache kusikia ikitajwa kwamba aliyeisema ni binti aliyekuwa akichunga wanyama, aliyepima mtu kwa alichomwona akifanya. Ibn Masud, Sahaba wa Mtume, alimhesabu miongoni mwa watu watatu wenye utambuzi mkubwa zaidi. Sisemi kisa hiki ni sheria kamili ya ajira. Wanachuoni wana mengi ya kusema kuhusu staha na dharura humo. Lakini mtu asome kisa chote, na msemaji atajwe.

Pia nadhani wanawake wenye fani zao wana la kutuongezea darsani. Mkunga akisoma Baqara aya ya 233, inayotaka wazazi wawili waridhiane na kushauriana kabla ya kumwachisha mtoto ziwa, ataona mambo ambayo mimi huyapita mbio. Mhasibu akifika aya ya 282, ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inayohusu kuandikiana deni, kuweka muda na mashahidi, hata kwa deni dogo, yuko nyumbani kwake. Fani haimfanyi mtu mufasiri, lugha na elimu za Qur'ani lazima zisomwe. Ila humpa maswali mazuri.

Ombi langu la Idi ni kwa wanaoandaa darsa. Shawwal, mwezi unaofuata Ramadhani, imeingia, ratiba zinapangwa upya. Upande wa wanawake uwekewe kipaza sauti kinachofanya kazi, maswali yao yasomwe yote, na walio na elimu miongoni mwao wapewe vipindi vyao vya kufundisha mwaka mzima.

Nanyi dada zangu, msiyafunge madaftari. Idi njema, kila mwaka mkiwa na kheri na afya.