Hadithi nzima ingeisha kwa swali moja

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro. Nina wanafunzi watatu, na kila Jumamosi mmoja wao husoma kwa sauti hadithi yenu ya mapenzi ya mfululizo huku wenzake wakikunja pindo na kutia vifungo. Tumeifuata tangu sehemu ya kwanza. Sasa tumefika sehemu ya 14, nami nimeshindwa kunyamaza.

Binti wa hadithi ana miaka 29. Ni mhasibu, anajilipia kodi ya nyumba, anasomesha wadogo zake wawili. Katika sehemu ya sita, mtu mzima huyo anamwona mchumba wake akimkumbatia mwanamke nje ya hoteli. Anazima simu na kuhama nyumba. Sehemu nane zimepita hajauliza yule mwanamke ni nani, wakati sisi wasomaji tuliambiwa siku ile ile kuwa ni dada wa mchumba, tumbo moja, aliyerudi kutoka masomoni. Mchumba naye, mwanamume wa miaka 34, badala ya kwenda kwao binti kuwaona wazee, analewa. Kisha barua yake inaangukia mikononi mwa shoga mbaya, kisha simu inaibiwa, kisha mvua inakata daraja. Mshenga yuko wapi? Binti aliyeposwa ana shangazi na ana mama. Hao wote wamekaa wiki nane bila kuulizana kulikoni?

Mwanafunzi wangu mdogo, mwenye miaka 18, alishusha gazeti akasema, "Mama, mbona hamuulizi?" Mwenzake akamjibu, "Akiuliza, hadithi itaisha." Jibu hilo limenikaa kifuani mpaka leo. Msichana wa miaka 18 amekwishaona kwamba mtunzi hana kitu kingine mkononi.

Na Jumamosi iliyopita binti, kwa hasira, amekubali kuolewa na tajiri, harusi wiki inayofuata. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka wanaotaka kuoana watoe taarifa kwa msajili siku 21 kabla, na taarifa hiyo itangazwe. Siku 21! Mtunzi mwenye jicho angezitumia. Tangazo liko wazi, watu wa mtaa wanalisoma, habari inamfikia mchumba wa kwanza, naye anazihesabu siku. Hapo ningekaa nisikilize mpaka giza liingie.

Nina sababu ya kuumia. Niliketi miaka tisa kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa la kata, lile ambalo kwa kawaida shauri hupita kwanza kabla mtu hajaomba talaka mahakamani. Sikumbuki hata wawili walioletwa kwetu kwa sababu mmoja alimwona mwenzake kwa mbali akashindwa kuuliza. Watu wanauliza. Wanauliza usiku kucha, mpaka majirani wanagonga ukuta.

Nakumbuka mke na mume waliofika wakati wa masika. Mke alikopa shilingi 800,000 kwenye kikundi chao cha VICOBA, akamlipia mdogo wake ada ya chuo. Mume alikikuta kitabu cha mkopo ndani ya gunia la mchele. Alimuuliza jioni ile ile, na mke akasema yote, hakuficha hata senti. Mume akasema yeye alikuwa akijinyima kwa ajili ya mabati, na mkewe alikuwa akimtazama akijinyima. Mke akasema mdogo wake hana baba. Walielewana kila neno, Mhariri, na bado hawakuweza kulala chumba kimoja. Tuliwaita mara nne. Mara ya tatu mume alimletea mkewe kiti, lakini hakumtazama. Kile kiti nakikumbuka kuliko hukumu zote.

Mtu asiniambie kwamba wasomaji wa hadithi za mapenzi hawataki mambo mazito. Tunataka mapenzi, tunataka na kulia. Riwaya ya Shafi Adam Shafi, Vuta N'kuvute, nimeisoma mara tatu. Yasmin ni binti mdogo aliyeozwa kwa mzee, lakini anaamua, anatoka, anabeba gharama ya uamuzi wake, na anapompenda Denge kinachowatenganisha ni serikali ya kikoloni inayomwinda yule kijana. Hapo hakuna simu ya kuwasha mambo yakaisha. Nilipoisoma mara ya kwanza niliunguza pilau jikoni, sikusikia hata harufu.

Naomba basi, mwambieni mtunzi wenu, ambaye kalamu yake ya kueleza nguo na vyakula ni nzuri kweli, amruhusu binti aulize. Amjulishe kwamba yule ni dada, sehemu ya 15, mapema kabisa. Kisha atuonyeshe kinachobaki: huyu mwanamume aliyekimbilia pombe, na huyu mwanamke aliyeweza kumwacha bila neno. Wataaminiana vipi tena?

Wanafunzi wangu wana miaka 18, 19 na 22. Mkubwa wao ameposwa mwezi uliopita, na Jumamosi hii zamu ya kusoma ni yake.

Fundi cherehani,
Morogoro